Hesabuni mabinti, msihesabu semina: barua ya wazi kwa wakuu wa mashirika ya hisani na wafadhili wao

Shikamooni wakubwa zangu,

Hii barua ni ya wakurugenzi wa mashirika ya hisani, ya wafadhili mnaotoa hela za miradi, na ya nyie wa ofisi za takwimu mnaopitisha madodoso kabla hayajatufikia sisi tunaoingia nayo majumbani kwa watu. Mi ni mwanamke niliyefanya udodosaji miaka kadhaa, yani ile kazi ya kupewa kishikwambi na kitambulisho cha kuvaa shingoni na orodha ya kaya, afu unatembea nyumba kwa nyumba unamuuliza mtu usiyemjua mambo ambayo hata dada yako wa tumbo moja usingemuuliza. Naipenda ile kazi na naiamini, ndo maana naandika.

Kinachonisumbua ni hiki. Tunakusanya data nyingi mno kuhusu mila zinazoumiza watoto wa kike, hasa ukeketaji na ndoa za utotoni, ila sehemu kubwa ya hiyo data inahesabu mlichofanya nyie, haihesabu kilichompata mtoto.

Kuna siku nilikuwa kwenye tathmini ya mradi mmoja wa kupinga ukeketaji, shirika silitaji, nimekaa na mama mmoja nje ya nyumba yake namsomea maswali. Umewahi kuhudhuria mkutano wa elimu kuhusu ukeketaji? Ndiyo. Mara ngapi? Sita. Unaweza kutaja madhara matatu? Akataja matano, tena kwa mpangilio uleule wa kwenye vipeperushi vya mradi. Unaunga mkono mila hii iachwe? Ndiyo. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikamaliza. Nilivyokuwa nafunga kishikwambi akaniuliza, mwanangu, mbona huyu hujamuulizia, huku anamwonyesha kwa kidevu binti yake wa miaka kama tisa aliyekuwa anapita na ndoo. Nikamwambia mama, swali la huyo halipo. Akaniangalia kidogo, akasema haya, kama halipo basi, akanyanyuka akaendelea na kazi zake. Kwenye ripoti ya ule mradi yule mama aliingia kama mafanikio mara tatu, amehudhuria, ana uelewa, anaunga mkono, na binti hakuingia popote.

Sisemi waliotunga lile dodoso walikuwa na nia mbaya. Mfadhili anataka ripoti kila robo mwaka, mradi ni wa miaka miwili, na semina ni kitu chenye tarehe, chenye picha na chenye karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa. Mtoto hana karatasi ya mahudhurio. Kama leo ana miaka sita na kwao wanakeketa wakifika kumi na mbili, hatari yake inakuja miaka minne baada ya mradi kufungwa, kwa hiyo hakuna mradi wa miaka miwili unaoweza kusema kwa uhakika umemwokoa yule mtoto, labda uwe umeacha mtu wa kurudi kumwangalia. Na hela ya kurudi sijawahi kuiona kwenye bajeti hata moja niliyofanyia kazi.

Vilevile hii ya kuhesabu mangariba waliosalimisha visu. Sherehe inafanyika, visu vinawekwa mezani, mama wa watu anapewa mtaji wa biashara, anaandikwa kwenye ripoti. Nawaheshimu sana wanaochukua hatua hiyo, inahitaji ujasiri. Ila tafiti zimeshaonyesha muda mrefu kwamba kumbadilishia ngariba kazi peke yake hakupunguzi ukeketaji, maana mzazi anayetaka bintiye akeketwe atatafuta ngariba mwingine, au atavuka mpaka wa nchi, au ataenda kwa mtu wa afya. Angalieni Misri, huko sehemu kubwa ya wasichana waliokeketwa miaka ya karibuni wamefanyiwa na madaktari na wauguzi. Ukihesabu visu unapata picha nzuri, ukihesabu mabinti unaona kazi bado ipo palepale.

Mkitaka kuona nguvu ya kuhesabu kilichompata mtu, kumbukeni ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006. Walifuatilia wanawake zaidi ya 28,000 waliokuja kujifungua kwenye vituo 28 vya Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Sudan, wakawalinganisha waliokeketwa na wasiokeketwa. Kwa waliofanyiwa ile aina ya tatu, ya kushonwa, hatari ya mtoto kufa wakati wa kuzaliwa au siku chache baadaye ilikuwa juu kwa asilimia 55. Kabla ya hapo ukimwambia bibi kwamba ukeketaji unaua vichanga anakujibu mi nimezaa tisa, na huna la kumjibu. Baada ya hapo mkunga akawa na kitu cha kushika mkononi.

Na kisichohesabiwa kinakuwa kama hakipo. Mwaka 2013 UNICEF walitoa hesabu ya wanawake na wasichana zaidi ya milioni 125 waliokeketwa, kwenye nchi 29 za Afrika na Mashariki ya Kati. Mwaka 2016 hesabu ikawa milioni 200, na sehemu kubwa ya lile ongezeko ni kwamba Indonesia waliuliza kwenye utafiti wao wa kitaifa na majibu yakaingizwa. Wale watoto wa Indonesia walikuwepo siku zote. Mwaka 2024 ikafika zaidi ya milioni 230, na milioni 80 kati yao wako Asia, wakati wengi wetu tulikuwa tunaimba kwamba hili ni jambo la Afrika tu.

Hapa naomba tuelewane maana hizi namba watu wanazibeba vibaya. Asilimia inaweza kushuka huku idadi inapanda, na vyote viwili vikawa kweli. Kenya kwa mfano, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, wakawa 21 mwaka 2014, na 15 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio makubwa na yana watu nyuma yake waliotukanwa na kutengwa kwa ajili yake. Lakini kwenye nchi ambazo karibu kila msichana anakeketwa watoto wanazaliwa wengi kila mwaka, kwa hiyo jumla inaongezeka. UNICEF wenyewe walisema mwaka 2024 kwamba kasi ya kupungua inatakiwa iwe mara 27 ya ilivyokuwa ili kufikia lile lengo la Umoja wa Mataifa la kumaliza ukeketaji ifikapo 2030. Shirika linalochukua asilimia peke yake na kuiweka kwenye bango la mafanikio linamdanganya mfadhili, na linaloweka idadi peke yake ili kutisha watu watoe hela linamkatisha tamaa yule mama aliyeacha.

Halafu wastani wa taifa. Wakubwa zangu, wastani wa taifa umewaponza watoto wengi. Tanzania mwaka 2015-16 wastani ulikuwa asilimia 10, ukiisikia hivo unaona jambo linaelekea kwisha, ila fungua jedwali la mikoa uone: Manyara 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32, Singida 31. Kenya mwaka 2014 taifa lilikuwa 21 lakini kwa wanawake wa Kisomali ilikuwa 94 na kwa Wasamburu 86. Mtoto haishi kwenye wastani, anaishi kwa bibi yake. Sasa unakuta mradi umewekwa pale ambapo barabara ni nzuri na hoteli ipo, unafanya mikutano kwa watu ambao walishaacha zamani, na matokeo yanaonekana mazuri sana kwasababu hapakuwa na tatizo kubwa tangu mwanzo. Data ya kuwaonyesha pa kwenda mlikuwa nayo, tena ya bure.

Niseme pia kuhusu uongo, maana mi nimedanganywa usoni mara nyingi na siwalaumu walionidanganya. Ghana walipiga marufuku ukeketaji mwaka 1994. Kule kaskazini, Navrongo, watafiti waliwauliza wanawake mwaka 1995 kama wamekeketwa, wakarudi kwa wanawake walewale mwaka 2000, na asilimia 13 ya waliosema ndiyo mara ya kwanza safari hii wakasema hapana. Mwili haukubadilika hapo, kilichobadilika ni kampeni na hofu ya sheria. Mradi ambao haujui hilo ungeandika kwamba ukeketaji umeshuka. Na ukimuuliza mama moja kwa moja kuhusu binti yake kwenye nchi yenye kifungo, unamwomba ajishtaki mwenyewe mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Nadhani ndo maana lile swali la binti halikuwepo siku ile, mtu aliogopa, na ana haki ya kuogopa. Ila kuogopa swali sio sababu ya kuacha kujua, ni sababu ya kutafuta namna nzuri ya kujua.

Na namna zipo. Kule Gezira, Sudan, kundi moja la watafiti badala ya kuwahoji akina mama waliangalia miguu ya watoto wa kike wanaoanza shule, kwasababu binti akikeketwa anapakwa hina na hina inaonekana hata usipouliza kitu. Matokeo yao yalitoka mwaka 2015 na yaliwashtua wengi, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo utafiti unapoonyesha thamani yake hasa.

Mwaka 1996 msomi Gerry Mackie aliandika kwamba ukeketaji unafanana na ile mila ya China ya kuwafunga wanawake miguu ili ibaki midogo. Alisema familia hazifanyi kwasababu ya ukatili, zinafanya kwasababu kila mmoja anaogopa binti yake atakosa kuolewa kama wengine wanaendelea, kwa hiyo wakikubaliana kuacha kwa pamoja, wataacha haraka. Na alikuwa na data ya kushangaza: eneo la Tinghsien, wanawake waliofungwa miguu walikuwa asilimia 99 mwaka 1889, bado 94 mwaka 1899, afu ikafika sifuri mwaka 1919. Yani kitu cha miaka mia nyingi kikaisha ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1997 kule Senegal akina mama wa kijiji cha Malicounda Bambara, waliokuwa kwenye madarasa ya shirika la Tostan, wakatangaza hadharani kwamba wameacha, na kuanzia hapo matamko ya vijiji yakawa ndo njia inayopendwa na mashirika karibu kila mahali.

Sasa wale wa Sudan walitegemea, kama nadharia iko sawa, wakute vijiji vinavyokeketa karibu wote na vijiji vilivyoacha karibu wote. Hawakukuta hivo. Walikuta ndani ya jamii ileile familia zinazokeketa na zisizokeketa zinaishi pamoja, kwa viwango vya kila aina. Maana yake ni kwamba tamko la kijiji linaweza kufaa sehemu moja na lisifae sehemu nyingine, na kabla ya kulipeleka mahali lazima kwanza uangalie watu wa hapo wanaishi vipi na hiyo mila. Sisemi Tostan walikosea, walichofanya Senegal kimewapa watu wengi ujasiri. Nasema tu shirika linalobeba tamko lilelile kila linakokwenda kwasababu lina picha nzuri ya watu wameinua mikono, limeacha kutafiti. Tamko ni ahadi. Ahadi inafuatiliwa.

Mfano wa ndoa za utotoni ndo naupenda kuliko yote. Population Council, shirika la utafiti, walifanya jaribio Ethiopia, mkoa wa Amhara, na kitu cha akili walichofanya ni kutenganisha dawa. Miradi mingi inachanganya kila kitu pamoja, mikutano na daftari na mitaji na redio, afu ikifanikiwa hakuna anayejua kilichofanya kazi ni kipi. Wao eneo moja walitoa vifaa vya shule, eneo lingine wakaipa familia kuku wawili kwa kila mwaka ambao binti anabaki hajaolewa, eneo lingine mazungumzo ya jamii, eneo lingine vyote, na eneo lingine hawakufanya kitu ili walinganishe. Kwa mabinti wa miaka 12 hadi 14, pale palipotolewa vifaa vya shule uwezekano wa kuolewa ulishuka kwa asilimia 94. Daftari na kalamu jamani. Ila kwa wa miaka 15 hadi 17 kilicholeta mabadiliko ni kuku, hatari ilishuka kwa nusu. Tanzania walijaribu kwa mbuzi na kwa umri huohuo wa 15 hadi 17 ikashuka kwa theluthi mbili.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikumbuka akina baba niliowahoji, wale ambao tuliwaandika kwenye fomu kama "uelewa mdogo", kumbe mtu anaelewa vizuri tu, ila binti wa miaka kumi na sita aliyeacha shule ni mdomo mmoja wa kulisha na posa iko mlangoni. Huyo semina ya kumi haimsaidii kitu. Kujua kwamba dawa ya mtoto wa miaka 13 sio dawa ya mtoto wa miaka 16 kunatoka kwenye utafiti uliopangwa vizuri, na ni kitu ambacho mkurugenzi hawezi kukiotea akiwa ofisini hata awe na moyo mzuri namna gani.

Ramani nayo ni data. Mkoani Mara, Tanzania, Rhobi Samwelly na wenzake wa Hope for Girls and Women wanawapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji, na tatizo moja kubwa lilikuwa kwamba binti anatajwa yuko kijiji fulani na kijiji hakipo kwenye ramani yoyote, usiku, hakuna anayejua njia. Kuanzia mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map, mradi wa kuchora ramani za vijijini Tanzania, wakaanza kuchora barabara na nyumba kwa kutumia picha za setilaiti, na watu wa vijijini wakiongeza majina ya mahali kwa simu zao. Hiyo ni data ambayo siku ya pili tu imeshamfikisha mtu kwa mtoto. Natamani data yangu yote niliyokusanya ingekuwa na mwendo huo.

Lakini ramani hiyohiyo ikiwa wazi sehemu isiyotakiwa inamwonyesha baba mwenye hasira nyumba salama iko wapi. Kwa hiyo naomba sana suala la siri mlichukulie kama suala la uhai. Nimeona faili za eksel zenye majina ya mabinti, umri, kijiji na neno "amekeketwa" zikitumwa kwenye kundi la wasap la mradi. Nimeona picha za watoto kwenye kurasa za mashirika, uso wazi, na maelezo chini kwamba huyu aliokolewa. Yule mtoto atakua, ataomba kazi, ataolewa, na ile picha bado ipo. England walipoanza mwaka 2015 kukusanya taarifa za wagonjwa waliokeketwa zikiwa na utambulisho wao, ubishi ulikuwa mkubwa kwamba wanawake wengine wataogopa kwenda kutibiwa. Data ikimfanya mwanamke aikimbie kliniki imeshageuka kuwa madhara mengine juu ya yale ya kwanza.

La mwisho ni la dharura. Tafiti za DHS, yani zile za kitaifa za afya na idadi ya watu, ambazo karibu namba zote za mataifa nilizozitaja zimetoka huko, zilianza mwaka 1984 kwa hela ya Marekani na ndizo zilizoanza kuuliza kuhusu ukeketaji kule Sudan mwaka 1989-90. Februari 2025 Marekani ikasitisha ule mpango. Mashirika mengi mlikuwa mnachukua zile data bure, mnaziweka kwenye maandiko ya miradi, na sikuona wengi mkipaza sauti zilipokatwa. Bila hizo tutabaki na namba ambazo kila shirika limejihesabia lenyewe.

Kwa hiyo ninachoomba. Wafadhili, kila hela ya mradi iwe na hela ya kurudi, miaka mitano baadaye, kwenye kaya zilezile, na arudi mtu ambaye halipwi na shirika lililoendesha mradi. Na shirika likileta ripoti inayosema tulijaribu hivi haikufanya kazi, msilinyime hela ya mwaka unaofuata kwa ajili hiyo, maana mkifanya hivyo mnawafundisha wote kudanganya. Wakurugenzi, toeni matokeo mabaya hadharani kama mnavyotoa mazuri. Rudini pia na majibu kwa walioyatoa, kwa lugha yao, kikao kimoja tu, mtu aone alichosema kilikwenda wapi. Sisi wadodosaji tunaahidi hilo kila tukikaa na mtu, tunasema majibu yako yatasaidia jamii yako, na kwa miaka yote niliyofanya kazi nilitumwa kurudisha matokeo mara moja tu. Siku hiyo watu walikaa mpaka giza likaingia wakibishana na jedwali, wakatusahihisha makosa mawili, na mzee mmoja akauliza kwanini hatukuwahoji vijana wa kiume wanaotaka kuoa. Alikuwa sahihi, tuliwasahau.

Ofisi za takwimu, tufundisheni vizuri na mtupe muda. Huwezi kumuuliza mama swali la namna hii ndani ya dakika ishirini huku mama mkwe amekaa pembeni, na mkitupa kaya kumi kwa siku ndicho tutakachofanya.

Mimi nikiitwa tena naenda. Naombeni tu nikifungua dodoso nikute mmemweka yule binti wa ndoo, kwa swali lililofikiriwa vizuri, ambalo mama yake anaweza kulijibu bila kuogopa.

Wenu katika kazi,
Mdodosaji